Saa Moja kwa Juma kwa Askari Anayesoma Takwimu

Siku hizi si ajabu kumkuta koplo aliyemaliza zamu ya lindo ameketi kitandani mwake, simu mkononi na daftari magotini, akifuata somo la mwalimu aliye mbali naye maelfu ya maili. Wapo wanaosoma sheria, wapo wanaosoma uhasibu, na wapo waliojiandikisha katika kozi ya mwanzo ya takwimu, ile ambayo vyuo vikuu humfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Maneno yetu ya leo yawahusu hao wa takwimu, na zaidi yawahusu makamanda wao na wakuu wa vituo vya polisi. Sisi twaamini kwamba kozi hiyo yaweza kusomwa vizuri kwa njia ya intaneti. Twaamini pia kwamba askari anayeisoma peke yake usiku, baada ya kazi, bila mtu wa kumwuliza, mara nyingi ataiacha njiani, na kwamba dawa ya jambo hilo ni ndogo na imo mikononi mwa kila mkuu wa kambi.

Katika mesi zetu huulizwa: askari na takwimu, wapi na wapi? Jibu limo katika kazi za kila asubuhi. Kabla jua halijapanda, kila kikosi kimekwisha toa hesabu ya walio gwarideni, walio wagonjwa, walio likizo na walio kizuizini. Polisi naye hufunga mwezi kwa jedwali la makosa yaliyoandikwa katika kitabu cha matukio. Hesabu hizo hupanda ngazi, na huko juu huamuliwa doria ipelekwe wapi, gari lipewe nani, na nani aitwe kujieleza. Basi ni haki anayeziandika na anayezisoma wote wawili wajue zinasema nini na zisichosema ni nini.

Tuseme kituo kimoja kiliandika kesi 2 za wizi wa mifugo mwezi uliopita, na mwezi huu kimeandika 4. Karani mwenye bidii atachukua kikokotoo na kuandika kwamba wizi umeongezeka kwa asilimia 100. Hakusema uongo. Lakini taarifa hiyo ikifika makao makuu yaweza kumwondoa mkuu wa kituo mahali pake, naye pengine hakutenda kosa lolote, wala wezi hawakuongezeka.

Yapo masimulizi ya kweli ya jeshi moja la Ulaya yanayolieleza jambo hili vizuri kuliko mfano wowote tunaoweza kuubuni. Mwaka 1898 mtaalamu mmoja wa takwimu, Ladislaus von Bortkiewicz, alichapisha kitabu kidogo kwa Kijerumani, na ndani yake aliweka hesabu ya askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi tangu mwaka 1875 hadi 1894. Daftari lilikuwa na vikosi vikuu 14. Yeye akaviweka kando 4 ambavyo muundo wake ulitofautiana na vingine, akabakiwa na 10. Vikosi 10 kwa miaka 20 vyatoa mistari 200 ya daftari, kila mstari ukiwa ni kikosi kimoja kwa mwaka mmoja.

Katika mistari hiyo 200, mistari 109 haikuwa na kifo hata kimoja. Mistari 65 ilikuwa na kifo kimoja, 22 ilikuwa na viwili, 3 ilikuwa na vitatu, na mmoja peke yake ulikuwa na vifo vinne. Jumla ni vifo 122. Hebu msomaji ajiweke mahali pa jenerali aliyeletewa taarifa ya mwaka ule wa vifo vinne. Kikosi cha jirani hakikupoteza mtu, na hiki kimepoteza wanne. Nani kati yetu asingemwita kamanda na kumwuliza farasi wake wanalishwa nini?

Bortkiewicz aliuliza swali jingine. Aliuliza kama hakuna kikosi kilicho kizembe kuliko kingine, na mateke yanaangukia watu ovyo tu, basi daftari lingeonekanaje? Mfaransa Siméon Poisson alikuwa amekwisha toa kanuni ya hesabu ya namna hiyo mwaka 1837. Wastani wa vifo 122 katika mistari 200 ni 0.61. Ukiutia wastani huo katika kanuni ya Poisson, utapata kwamba kwa bahati tupu tungetegemea mistari 109 isiyo na kifo, 66 yenye kimoja, 20 yenye viwili, 4 yenye vitatu, na mmoja hivi wenye vinne au zaidi. Mtazame sasa daftari la Prussia: 109, 65, 22, 3, 1. Mwaka wa vifo vinne ulikuwa lazima utokee mahali fulani katika miaka 20 hiyo, na kamanda aliyeangukiwa nao huenda hakuwa na kosa zaidi ya mwenzake aliyepewa pongezi.

Hatusemi kwamba uzembe haupo, wala kwamba mzembe aachwe. Twasema kwamba hesabu ndogo hupanda na kushuka zenyewe, na kwamba aliyejifunza kozi ya mwanzo ya takwimu hujua kupanda kupi kwahitaji uchunguzi na kupi kwahitaji kusubiri mwezi mwingine. Kesi 2 kuwa 4 ni kupanda kwa aina ya pili. Kesi 200 zikiwa 400, hilo ni jambo jingine, na mkuu wa kituo asilale.

Kozi yenyewe huanza kwa mambo mepesi, na hili huwadanganya wengi. Juma la kwanza ni wastani na mediani. Askari watano wakiwa na madeni katika chama cha kuweka na kukopa, wanne wakidaiwa shilingi 100,000 kila mmoja na wa tano akidaiwa shilingi 5,000,000, wastani wa deni ni shilingi 1,080,000, ingawa hakuna hata mmoja kati yao anayedaiwa kiasi hicho. Mediani, yaani deni la yule wa katikati wakipangwa mstari, ni shilingi 100,000, na hiyo yaeleza hali ya kikosi kwa ukweli zaidi. Kisha huja somo la sampuli. Ofisa anayekagua magunia ya maharage kwa kufungua yale ya mlangoni tu amekagua mlango, hakukagua stoo. Hayo yote askari huyaelewa upesi, kwa sababu ameyaona. Baada ya hapo huja uwezekano, na baada ya uwezekano huja lile somo la jinsi majibu ya sampuli yanavyotofautiana. Na hapo ndipo wengi huzima simu.

Tujibu sasa swali la wenye shaka: je, mashine yaweza kufundisha sawa na mwalimu? Kuna jaribio lililofanywa Marekani kuhusu kozi hii hii. Katika vyuo vikuu sita vya umma, huko New York na Maryland, wanafunzi 605 wa kozi ya mwanzo ya takwimu waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifundishwa darasani kwa desturi, saa tatu au nne kwa juma. Kundi la pili lilifundishwa na programu iliyotungwa katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, likikutana na mwalimu uso kwa uso saa moja tu kwa juma. Matokeo yalitolewa mwaka 2012 na William Bowen na wenzake watatu. Kwa waliofaulu, kwa alama za mtihani wa mwisho, na kwa mtihani wa pamoja wa kupima uelewa wa takwimu, makundi mawili hayakuwa na tofauti ya maana.

Wengi waliosoma habari hiyo walishika neno moja, kwamba mashine yatosha. Sisi twashika neno lingine, nalo ni ile saa moja. Hakuna aliyeachwa peke yake na mashine katika jaribio lile. Tena yafaa tukiri, kwa kuwa ndiyo takwimu yenyewe inavyotufundisha, kwamba vijana wale walikuwa wanafunzi wa chuo, wenye meza, umeme na usiku usio na zamu. Sampuli ile haikutuhusu sisi. Kama wao walipewa saa moja, askari wa mpakani atahitaji isiyopungua hiyo.

Twajuaje kwamba anayeachwa peke yake huacha? Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science hesabu za masomo ya intaneti ya vyuo vya MIT na Harvard. Katika mwaka wa masomo 2017-18, kati ya kila watu 100 walioshiriki, waliomaliza ni 3 tu na kidogo juu yake. Katika hesabu hiyo hiyo, ukiwatazama wale tu waliolipia cheti kilichothibitishwa, waliomaliza ni 46 katika kila 100. Msomaji asikimbilie kusema kwamba fedha ndiyo inayomalizisha kozi. Aliyelipa ndiye aliyekuwa na nia tangu mwanzo, na wengi katika wale wengine waliingia kuchungulia tu, wakaondoka. Hata hivyo, 46 si hata nusu.

Mwandishi wa maneno haya naye aliacha. Nilianza nikiwa luteni katika kambi moja ya mbali, nikanunua kifurushi cha data kila Jumapili, na kwa majuma matatu nilijiona mwanachuoni. Juma la nne lilinikuta katika uwezekano. Swali moja lilinishinda, nikaliweka kesho; kesho ikawa zamu; zamu ikawa safari. Nilipofungua tena simu nilikuwa nyuma kwa masomo sita, na nikaona aibu hata kuangalia jina langu juu ya ule ukurasa. Niliwaambia wenzangu kwamba mtandao ni mbovu. Ulikuwa mbovu kweli, lakini si hiyo iliyonishinda.

Mara ya pili, miaka kadhaa baadaye, tulikuwa watatu: mimi, sajini mmoja wa mawasiliano, na inspekta wa polisi kutoka kituo cha jirani. Tulisoma kila mtu kwa wakati wake, na kila Alhamisi saa kumi na moja jioni tulikutana katika chumba cha stoo kilichokuwa na ubao. Mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari iliyo karibu alikubali kuja kwa saa moja, kwa malipo ya chai na nauli ya pikipiki.

Lilipofika lile somo la sampuli, mwalimu hakusema neno. Aliweka mezani bakuli la maharage yaliyochanganywa na mahindi, akatuamuru tufumbe macho na tuchote punje 10 kila mmoja, tuhesabu mahindi, turudishe, tuchanganye, tuchote tena. Aliandika ubaoni kila jibu: 3, 2, 5, 3, 1, 4, 3. Tulichota hadi tukachoka. Namba zilitawanyika, lakini zilizunguka 3 kama ng'ombe wanavyozunguka mti wenye kivuli. Jambo hilo nilikuwa nimelitazama katika video mara tano bila kulielewa.

Inspekta alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Kwa hiyo, afande, mimi na wewe tumechota bakuli moja, tumepata majibu tofauti, na hakuna aliyedanganya." Alieleza baadaye kwamba aliwahi kumwadhibu konstebo kwa sababu hesabu yake ya magari yanayopita kizuizini kwa saa moja ilitofautiana na ya mwenzake wa zamu ya siku iliyotangulia. Alimwita mvivu. Sajini alicheka; inspekta hakucheka.

Wote watatu tulimaliza.

Kuna tahadhari mbili ambazo kazi yangu hainiruhusu kuzinyamazia. Ya kwanza ni ya usalama. Mwalimu wa intaneti hupenda kumwambia mwanafunzi alete hesabu za kazini kwake kuwa zoezi. Askari asifanye hivyo kamwe. Idadi ya wagonjwa, ratiba ya magari, lita za mafuta, zote ni habari. Katika vita vya pili vya dunia, wachumi wa upande wa Uingereza na Marekani walikadiria idadi ya vifaru vilivyoundwa na Wajerumani kwa kusoma namba zilizopigwa chapa katika vyuma vya vile vilivyokamatwa. Njia yake hufundishwa leo kwa mfano mwepesi: wakikamatwa vifaru 4, na namba kubwa kati yao ni 60, chukua 60, ongeza 60 iliyogawanywa kwa 4, toa 1, upate 74. Kwa mwezi wa Agosti 1942 wapelelezi walisema Wajerumani huunda vifaru 1,550. Wanatakwimu wakasema 327. Vita vilipokwisha, madaftari ya Wajerumani yalionyesha 342. Chuma kiliwasaliti wenyewe. Na si mambo ya zamani tu: mwezi wa Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya mazoezi ya mbio iliyotolewa miezi michache kabla na kampuni ya Strava ilionyesha njia za askari waliokimbia kuzunguka kambi zao katika nchi mbalimbali, kwa sababu kila mmoja alibeba kifaa cha kupima mbio zake. Mazoezi ya takwimu yafanywe kwa hesabu za mvua, bei za sokoni au magoli ya ligi.

Tahadhari ya pili ni ya cheti. Cheti cha kozi ya bure si sawa na somo linalohesabiwa katika shahada, na anayekusudia kuendelea hadi chuo kikuu aulize chuo hicho kwanza, kabla hajatoa senti. Makerere ilipata taasisi yake ya takwimu na uchumi tumizi tangu mwaka 1969, na maswali ya namna hii hujibiwa na ofisi ya usajili ya chuo, si na rafiki wa kantini. Wapo pia wauzaji wa majibu ya mitihani. Ofisa anayenunua majibu ya kozi ya takwimu kisha akatia sahihi jedwali la kikosi chake, huyo ni heri asingeanza.

Kwa upande wa gharama hatuna mengi ya kusema, maana vitu vyenyewe vipo. Masomo ya Khan Academy ni bure. Kitabu kiitwacho OpenIntro Statistics hupatikana bure, na kikishapakuliwa hakihitaji mtandao tena. Programu ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika chuo kikuu cha Auckland, New Zealand, ni bure pia, ingawa yahitaji kompyuta. Shida iliyo kubwa kuliko fedha ni lugha. Masomo hayo karibu yote ni ya Kiingereza, na askari wengi hodari hufikiri vizuri zaidi kwa Kiswahili, lugha ya amri na ya gwaride. Katika ile saa ya Alhamisi sisi tulisoma Kiingereza na tukabishana kwa Kiswahili. Nathubutu kusema kwamba nusu ya tuliyoyaelewa tuliyaelewa katika kubishana.

Basi ombi letu kwa makamanda na wakuu wa vituo ni dogo. Saa moja kwa juma iandikwe katika ratiba ya kazi, kama yanavyoandikwa mazoezi ya viungo, ili anayesoma asiitwe kufagia uwanja wakati huo. Chumba kiwepo, na ubao. Jeshi na polisi walio jirani wakutane pamoja, maana kambi moja yaweza kuwa na wanafunzi wawili tu, na wawili huchoka. Mwalimu wa shule ya karibu aombwe kwa heshima, na alipwe nauli. Zamu za wanaosoma zipangwe ili saa hiyo wasikose mara mbili mfululizo. Aliyekosa mara mbili, kwa tuliyoyaona, harudi.

Kikundi chetu cha Alhamisi kinaanza tena baada ya likizo za shule, mwalimu atakapokuwa amemaliza kusahihisha. Walioomba nafasi wamefika tisa, watano kutoka kituo cha polisi, na viti vya chumba kile ni sita.